Sifuri Haibembelezwi: Stori ya Brahmagupta, Msee Aliyeipea Sifuri Sheria Zake

Kaa ushawahi kusimama Malaba na noti ya Kenya mkononi ukitaka ikuwe ya Uganda, unajua vile sifuri hucheza na akili ya mtu. Tuseme siku hiyo shilingi moja ya Kenya inaenda kwa 28 za Uganda. Mia tano yako inageuka 14,000, na ghafla unajiskia sonko. Lakini sifuri moja ikihepa kwa hesabu, unabaki na 1,400, na hiyo haikufikishi mbali ukishavuka daraja.

Sasa cheki maajabu. Sifuri ikikaa kando ya 5, unapata 50, namba imepanda mara kumi. Lakini 5 ukizidisha na sifuri, kila kitu kimeisha. Sifuri ni ile ile moja. Kwani iko na roho mbili?

Darasani, kutoka Angurai hadi Kayole, jibu la odijo huwa moja: ndio sheria, kariri, songa mbele. Na hapo ndio wasee wengi huamua hesabu si yao. Si ati hawana akili. Waliuliza swali la maana na hakuna mtu aliwajibu: kaa niko na tano, na nimeizidisha na kitu hakipo, mbona tano yangu isibaki?

Hiyo sheria haikuanguka kutoka mawinguni. Kuna msee aliketi chini akaiandika, karibu miaka 1,400 iliyopita. Aliitwa Brahmagupta. Ukiishika stori yake, hautahitaji kukariri tena.

Kijana wa mji wa mpakani

Brahmagupta alizaliwa mwaka wa 598, huko kaskazini magharibi mwa India. Babake aliitwa Jishnugupta. Mji wake ulikuwa Bhillamala, ambao leo unaitwa Bhinmal na uko kwa jimbo la Rajasthan. Baadaye watu walimjua kwa jina la mtaa, yaani mwalimu wa Bhillamala, vile leo mtu hubandikwa jina la kwao likakwama.

Usifikirie kijiji kimelala. Bhillamala ilikuwa mji mkuu wa nchi ya Gurjara, upande wa India unaoelekea Sindh na bahari ya Arabia. Msafiri wa China, Xuanzang, aliyezunguka India karne hiyo hiyo, aliutaja kwa maandishi yake. Mahali kaa hapo bidhaa na watu wanapita, na penye watu wanapita, hesabu haikosi. Ukikulia Malaba au Busia, hiyo unaielewa bila kufafanuliwa.

Kazi ya Brahmagupta haikuwa kuhesabu magunia lakini. Alikuwa msee wa nyota. Enzi hizo, anayejua nyota ndiye alijua lini mwezi utapatwa, lini msimu utaanza, lini sikukuu inaangukia. Na huwezi kufuata sayari bila hesabu nzito, ile ya kutoa na kuzidisha hadi usiku wa manane. Wanahistoria wengi wanamuweka pia Ujjain, mji uliokuwa kitovu cha elimu ya nyota India, kaa mkuu wa wanaanga wa huko.

Kabla yake, sifuri ilikuwa nafasi tu

Haturushi maneno hapa: Brahmagupta hakuvumbua alama ya sifuri. Wababeli walikuwa na alama ya kuonyesha hapa katikati ya namba hakuna kitu. Wamaya wa Amerika ya Kati nao walikuwa na yao, bila kujuana na mtu yeyote wa upande huu wa dunia. Wahindi wenyewe walikuwa washaanza kuandika namba kwa nafasi, yaani mamoja, makumi, mamia.

Hiyo ndiyo kazi ya kwanza ya sifuri, kulinda kiti. Kwa 205, sifuri inasema hakuna makumi hapa, lakini mtu asikalie hiyo nafasi. Bila mlinzi huyo, 205 inageuka 25 na umepoteza chapaa. Ukiandika 0 mwisho wa 5, haujazidisha na sifuri. Umeisukuma 5 kutoka kwa kiti cha mamoja hadi kiti cha makumi, yaani umezidisha na kumi. Kwa hivyo sifuri haina roho mbili. Iko na kazi mbili.

Kazi ya pili ndiyo Brahmagupta aliipa uzito. Alisema sifuri si mlinzi wa kiti pekee. Ni namba kaa zingine. Unaweza kuiongeza, kuitoa, kuizidisha. Na kaa ni namba, lazima ikuwe na sheria, juu kitu kisicho na sheria kitakuvurugia kitabu chote.

Kitabu cha miaka 30

Mwaka wa 628, akiwa na miaka 30, alimaliza kitabu kinachoitwa Brahmasphutasiddhanta. Ni jina refu, lakini maana yake ni kaa mafundisho ya Brahma yaliyonyooshwa vizuri. Kinabeba beti zaidi ya elfu moja. Ndio, beti. Wasomi wa India enzi hizo waliandika hesabu kwa mashairi ya Kisanskriti, juu shairi linashikika kichwani kirahisi. Jamaa alikuwa akidondosha mistari, lakini mistari yenyewe ni ya mwezi kupatwa na aljebra.

Sehemu kubwa ya kitabu ni nyota. Lakini ndani yake, kwa sura ya 18, aliweka sheria fupi za kucheza na namba za aina tatu. Ya kwanza aliiita mali. Ya pili aliiita deni. Ya tatu ni tupu, yaani sifuri.

Hapa ndio utampenda. Walimu wetu wanasema namba chanya na namba hasi, na kichwa kinauma. Yeye alibonga lugha ya soko. Mali ni kile uko nacho. Deni ni kile unadaiwa. Na sifuri ni nini? Alisema ni kile unapata ukitoa namba kwa namba hiyo hiyo. Uko na mali ya 300 na deni la 300. Ukilipa, uko wapi? Hauna mali, hauna deni. Umesimama katikati kabisa, kaa mtu ametoka upande wa Kenya na bado hajagonga muhuri wa Uganda.

Kutoka hapo sheria zikafuatana. Mali ukiongeza sifuri, inabaki mali hiyo hiyo. Deni ukitoa sifuri, deni halijapungua, pole. Sifuri ukiitoa mali, unaingia kwa deni. Mali mara mali ni mali. Mali mara deni ni deni. Deni mara deni ni mali. Na sifuri ukiizidisha na mali, au na deni, au na sifuri mwenzake, unapata sifuri.

Hii ni moja ya kazi za kwanza kabisa zinazojulikana kuweka sheria hizi zote pamoja kwa maandishi. Kila mara kalkuleta ya simu yako inakubali kuzidisha na sifuri bila kelele, inafuata kitu huyu jamaa aliandika mwaka wa 628.

Sasa, mbona tano mara sifuri si tano?

Brahmagupta alitoa sheria, hakukaa kuzithibitisha moja moja. Shairi halina nafasi ya maelezo marefu. Kwa hivyo tuzithibitishe sisi, na tutumie vitu vya kwetu.

Anza na lugha. Kiswahili kimekupa jibu bure na haujawahi kulicheki. Tunasema tano mara tatu. Mara. Yaani umefanya jambo mara ngapi? Mtu akikuuliza umeenda Tororo mara ngapi na haujawahi, unasema sijaenda hata mara moja. Tano mara sifuri ni kusema umechukua tano, lakini hata mara moja haujachukua. Hiyo tano unasema ibaki ilitoka wapi?

Bado una wasiwasi? Chukua nduthi. Neno bodaboda lenyewe linasemekana lilizaliwa Busia, wakati waendesha baiskeli walikuwa wakibeba watu kutoka boda hadi boda. Tuseme kila trip ni finje, yaani shilingi 50. Trip tatu ni 150. Trip mbili ni 100. Trip moja ni 50. Unaona ngazi? Kila ukipunguza trip moja, finje inatoka. Sasa toa hiyo trip ya mwisho. 50 kutoa 50 ni sifuri. Kaa jibu lingekuwa 50, hiyo inamaanisha umelala keja siku nzima na mtu bado amekulipa nauli. Tafuta huyo mtu, utuunganishe.

Sasa tumia maana ya Brahmagupta mwenyewe. Sifuri ni namba kutoa namba hiyo hiyo, kaa 3 kutoa 3. Kwa hivyo 50 mara sifuri ni sawa na 50 mara tatu, kisha utoe 50 mara tatu. Hiyo ni 150 kutoa 150. Umebeba abiria watatu, kisha watatu wote wakarudishiwa pesa. Mfuko unasoma sifuri.

Na kuna hii ya mwisho, ndogo lakini haina pa kutorokea. Sifuri ukiongeza sifuri ni sifuri, hiyo hatubishani. Kwa hivyo 5 mara sifuri, ukiongeza tena 5 mara sifuri, lazima irudi pale pale kwa 5 mara sifuri. Hebu jiulize: ni namba gani ukiijumlisha na yenyewe haibadiliki? Tano? Tano na tano ni kumi. Moja? Moja na moja ni mbili. Hata deni ukilijumlisha na lenyewe linakuwa zito zaidi. Iko moja pekee duniani, na ni sifuri. Kwa hivyo 5 mara sifuri haina chaguo lingine.

Sasa rudi kwa lile swali la kwanza, ati sijaifanyia kitu, ibaki tano. Wazo lako si la ujinga. Limeenda tu kwa mlango usio wake. Ukiongeza sifuri, tano inabaki tano, juu haujaweka kitu. Na kwa kuzidisha, anayeiacha namba vile ilivyo ni moja, si sifuri. Tano mara moja, umechukua tano mara moja, iko hapo. Sifuri ni mpole kwa kujumlisha, lakini kwa kuzidisha haibembelezwi.

Hii sheria inabeba zingine

Kuna ile ya deni mara deni kuwa mali, ambayo imeliza watu wengi kuliko mahindi ya kukopwa. Kimaisha ni hivi: kaa deni lako la 200 linafutwa mara tatu, umekuwa na afadhali ya 600. Kufuta ndio hasi ya kwanza, deni ndio hasi ya pili.

Lakini cheki vile sifuri ndiyo inalazimisha hilo jibu. Hasi 2 mara sifuri ni sifuri. Sifuri ni 3 kutoa 3, yaani chanya 3 pamoja na hasi 3. Hasi 2 mara chanya 3 ni hasi 6. Ndio jumla irudi sifuri, hasi 2 mara hasi 3 lazima ikuwe chanya 6. Hakuna njia nyingine. Ukiivunja sheria ya sifuri, hiyo pia inaanguka, na aljebra yote inaifuata.

Na kaa unajipanga na mtihani wa kidato cha nne, shika hii. Ukiona x mara kitu fulani ni sifuri, ujue lazima mmoja wao ni sifuri. Namba mbili zenye kitu haziwezi kuzidishwa zikatoa bure. Ndio maana x mara x kutoa 3, jibu likiwa sifuri, linakupa majibu mawili: x ni 0 au x ni 3. Wengi hugawanya pande zote na x ili waharakishe, wanabaki na 3 pekee, na alama imeenda.

Hapa ndio aligonga mwamba

Msee akiwa mkali haimaanishi hakosei. Brahmagupta alipofika kwa kugawanya na sifuri, aliteleza. Alisema sifuri kugawanya na sifuri ni sifuri. Namba nyingine ikigawanywa na sifuri, aliiacha tu kaa sehemu yenye sifuri chini, bila kusema ni ngapi.

Shida iko wapi? Kugawanya ni kurudi nyuma kwa njia ya kuzidisha. 15 gawanya kwa 3 ni kuuliza: namba gani mara 3 ilinipa 15? Jibu ni 5, safi. Sasa 15 gawanya kwa sifuri ni kuuliza: namba gani mara sifuri ilinipa 15? Hakuna, juu kila kitu mara sifuri ni sifuri. Na sifuri gawanya kwa sifuri? Namba gani mara sifuri inatoa sifuri? Zote! 7 inafaa, 28 inafaa, milioni inafaa. Swali moja lenye majibu yote halina jibu.

Ifikirie kaa barabara ya kwenda pekee. 28 mara sifuri na 3 mara sifuri zote zimeishia mahali pamoja. Ukizikuta huko, huwezi jua ipi ilikuwa ipi, stakabadhi zimechomeka. Kwa hivyo huwezi kuzirudisha kwao.

Na wakora wa hesabu wanaijua hiyo njia. Mtu akikuambia ameonyesha 1 ni sawa na 2, angalia mikono yake. 0 mara 1 ni 0. 0 mara 2 ni 0. Kwa hivyo ni sawa. Kisha anagawanya pande zote na sifuri kimyakimya, na 1 inakuwa sawa na 2. Huo ni mchezo wa karata tatu, umevaa tu sare ya shule.

Baada ya Brahmagupta, miaka zaidi ya 500 ilipita wasomi wa India wakilikuna hilo swali. Bhaskara wa pili, mwaka wa 1150, alisema namba gawanya kwa sifuri inakuwa kitu kisicho na mwisho. Hata yeye hakulimaliza. Leo wanahesabu wamekubaliana haifanyiki, na simu yako inakuandikia kosa.

Msee wa kugombana

Usidhani alikuwa mzee mpole wa kukaa chini ya mti. Brahmagupta alikuwa na mdomo. Ndani ya kitabu chake kuna sura nzima ya kuwachambua wanaanga waliomtangulia, na aliyepigwa zaidi ni Aryabhata, gwiji aliyeandika mwaka wa 499. Aryabhata alikuwa amesema dunia inajizungusha yenyewe. Brahmagupta alikataa katakata. Leo tunajua Aryabhata ndiye alikuwa kwa rada.

Lakini mwaka wa 665, akiwa na miaka 67, aliandika kitabu cha pili, Khandakhadyaka. Jina hilo ni kaa kusema kipande cha kutafuna, yaani kitafunwa cha hesabu za nyota kwa watu wa kazi. Na ndani yake alichukua mfumo wa Aryabhata huyo huyo aliyemchapa akiwa kijana, akaujenga. Kuna watu hufa na ugomvi wao. Yeye angalau alikaa meza moja na hesabu za mpinzani wake.

Kuna doa lingine. Alijua vizuri vile mwezi hupatwa, kwamba ni kivuli cha dunia. Hata hivyo, kuna mahali aliunga mkono stori ya zamani ya kichwa cha jitu Rahu kumeza mwezi, ile makuhani waliishikilia. Miaka mia nne baadaye, msomi al-Biruni aliyeandika kuhusu India karibu 1030 alimlaumu sana kwa hilo, juu mtu aliyepiga hesabu ya kivuli vizuri hivyo hakuwa na kisingizio. Pengine aliogopa wakubwa. Kusema ukweli mbele ya wenye nguvu haijawahi kuwa rahisi, karne ya 7 wala sahii.

Wengi wanaweka kifo chake karibu na 668, akiwa na kaa miaka 70.

Vile sifuri ilifika kwa mdomo wako

Brahmagupta hakuwahi kutoka India tunavyojua, lakini hesabu zake zilitembea kuliko lori la Mombasa. Baghdad ilijengwa mwaka wa 762. Muda mfupi baadaye, miaka ya 770, ujumbe kutoka Sindh ulifika kwa khalifa al-Mansur na kazi ya nyota ya Kihindi iliyotoka kwa mafunzo ya Brahmagupta. Khalifa akaagiza igeuzwe Kiarabu, na al-Fazari akahusika na kazi hiyo. Waarabu waliiita Sindhind.

Karibu 825, al-Khwarizmi akaandika kitabu cha kuhesabu kwa namba za Kihindi. Jina lake ndilo lilizaa neno algoriti, ile kitu inaamua video gani itakukesha leo usiku.

Wahindi waliita sifuri shunya, yaani tupu. Waarabu wakatafuta neno lao lenye maana hiyo hiyo, wakapata sifr. Na sifr ilipopanda jahazi na wafanyabiashara hadi pwani ya Lamu, Mombasa na Zanzibar, ikawa sifuri. Sita, saba na tisa pia zilitoka huko kwa Waarabu. Kwa hivyo kila ukisema sifuri, hata ukiwa umetulia Angurai na mirija yako kwa nyungu ya ajono, unatamka neno lililovuka bahari.

Kule Ulaya, Leonardo wa Pisa, anayeitwa Fibonacci, alizijua hizi namba akiwa kijana huko Bugia, bandari ya Algeria ya leo, ambako babake alishughulikia mambo ya wafanyabiashara wa Pisa. Mwaka wa 1202 akatoa kitabu chake. Kwa Kilatini sifr ikawa zephirum, na baadaye ikafupishwa kuwa zero.

Lakini si kila mtu alifurahi. Mwaka wa 1299, chama cha wabadilishaji pesa wa Florence kilipiga marufuku kuandika hesabu za vitabuni kwa hizi namba mpya. Sababu inayotajwa sana ni wizi: 0 ukiiongeza mkia kidogo inakuwa 6 au 9. Wabadilishaji pesa, unaskia? Wenzao wa Malaba wangewaelewa.

Sifuri mbili za Uganda, na sifuri ya ukweli

Tumalizie hapa boda. Mei 1987, mwaka mmoja na kitu baada ya Museveni kuchukua nchi, serikali ya Uganda ilifuta sifuri mbili kwa pesa zake. Shilingi 100 za zamani zikawa shilingi moja mpya. Watu waliogopa, na ukicheki haraka unaona kaa mtu amenyang'anywa. Lakini kutoa sifuri mbili ni kugawanya na 100, na bei ya bidhaa nayo ilikuwa inagawanywa na 100. Kwa hiyo peke yake, hakuna aliyekuwa maskini zaidi.

Kilichouma ni kingine. Kwa kubadilisha, serikali ilikata asilimia 30. Mwenye 10,000 za zamani alipata 100 mpya, kisha 30 zikaenda, akabaki na 70. Macho yote yalikuwa kwa sifuri zilizotoweka, kumbe mkono ulikuwa kwa zile 30. Zimbabwe nao walifuta sifuri tatu mwaka wa 2006, kumi mwaka wa 2008 na kumi na mbili mwaka wa 2009. Jumla ni 25, na bado sarafu yenyewe iliachwa. Sifuri ya kando ya namba unaweza kuifuta hata kwa tangazo la serikali. Sifuri ya kuzidisha haifutiki.

Na hii ndio ubebe kutoka kwa Brahmagupta. Kuna mambo ya maisha ni ya kujumlisha, na kuna mambo ni ya kuzidisha. Chama ni kujumlisha. Mmoja wenu mwezi huu akileta sifuri, mtanuna, lakini kapu bado lina kitu. Lori la kuvuka Malaba ni kuzidisha. Dereva yuko, mafuta yako, mzigo uko, karatasi moja ndio hakuna. Hauwezi kusema tuko na tatu kati ya nne, tuende robo tatu ya safari. Lori limelala kwa foleni. Kitu kimoja kikiwa sifuri, vingine vyote vimepata bei ya sifuri.

Kwa hivyo kabla uongeze bidii, angalia kwanza hesabu yako ni ya aina gani. Kaa ni ya kuzidisha na ndani kuna sifuri moja, usipoteze nguvu kufanya ile tano ikuwe kumi. Kumi mara sifuri bado ni sifuri. Tafuta hiyo sifuri, uifanye hata moja. Hapo ndio tano yako itaanza kuonekana.

Na siku ndugu yako mdogo akikuuliza mbona tano mara sifuri si tano, usimwambie akariri. Muulize amewahi kwenda Tororo mara ngapi.